Mumi naye aandikwe

Hakuna mtu wa Kisumu asiyemjua mumi, yule kambare wetu. Yuko Kibuye sokoni, yuko Dunga, yuko kwa mitaro ya Ahero mvua ikizidi, yuko kwa ndoo za vijana wanaouza chambo, na kwa sababu yuko kila mahali hakuna anayeona haja ya kumwekea rekodi. Hiyo ndo kitu imenikaa rohoni muda mrefu na leo nimeamua niandike, itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Mimi nashughulika na mkusanyo wa samaki wa makumbusho, upande wa kambare wa maji baridi. Ukisema makumbusho watu wanafikiria zile kabati za kioo za watoto wa shule, nyoka, mamba, vyungu vya zamani. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Nyuma kuna vyumba ambavyo mgeni haingii, rafu baada ya rafu, na kwa rafu ni chupa, na kwa chupa ni samaki wamelala kwa ethanoli (spiriti), wengine wako humo tangu kabla baba zetu hawajazaliwa. Kazi ni kutoa chupa, kumtambua aliyemo, kumpima, kusoma karatasi yake, kuingiza yote kwa kompyuta, kumrudisha mahali pake, alafu inayofuata. Ukisikia hivo inaonekana rahisi.

Wacha kwanza niwatambulishe hawa kambare wa huku kwetu manake wengi tunawajua kwa sahani tu. Mumi ni Clarias gariepinus, kichwa kipana kilichobapa, sharubu jozi nne, pezi la mgongo linaanza nyuma ya kichwa na kwenda karibu mpaka mkia bila kukatika, na akiachwa akue anapita mita moja. Juu ya matamvua ana viungo vyenye matawi matawi vya kupumulia hewa ya kawaida, ndo maana aliyevuliwa usiku, asubuhi bado anajipindua kwa beseni la mama samaki, yule mama anayeuza samaki. Seu ni Bagrus docmak, mkia wake umegawanyika na nyuma ya pezi la mgongo ana pezi lingine refu la nyama tupu lisilo na miiba. Okoko ni Synodontis, kichwa ni mfupa mtupu, sharubu za chini zina matawi, na ukimshika analia, ile sauti inatoka pale mwiba wa pezi la ubavuni unaposuguana na mfupa ulioushikilia. Sire ni Schilbe intermedius, mwembamba, amebanwa ubavuni, pezi la chini refu ajabu. Alafu huko juu kwa mito yenye mawe na maji ya kasi kuna wale wadogo wa Chiloglanis wanaojibandika kwa jiwe na mdomo, hao watu wengi hawajawahi waona maishani manake hawafikii sokoni kabisa. Wote hao hawana magamba, wote wanateleza, na wote ukiwapuuza kwa sababu ni "kambare tu" unakosa mambo mengi.

Sasa lebo. Nataka nikae hapa kidogo.

Chupa isiyo na lebo, hata kama samaki ni mzuri namna gani, mimi siwezi fanya nayo kitu. Naweza kukwambia huyu ni Clarias, naweza hata kukwambia urefu wake, lakini sitajua alitoka Mto Nyando au Mto Kuja au bwawa la mtu Vihiga, sitajua ni mwaka gani, sitajua maji yalikuwa marefu kiasi gani wala alinaswa na wavu au ndoano. Ameshatenganishwa na mahali pake. Ndo maana lebo inawekwa NDANI ya chupa pamoja na samaki, ile ya nje huanguka gundi ikikauka, na inaandikwa kwa penseli au wino mweusi usioyeyuka, kwa karatasi nzito ya pamba. Bairo haifai hata kidogo, kwa ethanoli maandishi yanafifia na kupotea na unabaki na kipande cha karatasi nyeupe. Juu ya hiyo kuna kale kanamba kadogo kanafungwa kwa uzi kwa samaki mwenyewe, kanapita mdomoni na kutokea kwa matamvua, ili siku chupa moja ikiwa na samaki watano kutoka vijito vitano bado ujue nani ni nani.

Na lebo za zamani zina lugha yao. Unakuta imeandikwa Kavirondo Gulf, hiyo sai ni Ghuba ya Winam. Port Florence ni Kisumu hii hii. Ukikuta "Broderick Falls" kwa Mto Nzoia basi hapo ni Webuye. Kijana aliyezaliwa baada ya 2000 hawezi kujua hayo akisoma peke yake, na kompyuta nayo haijui, inataka namba za latitudo na longitudo. Kwa hivo unakaa na ramani za zamani, unatafuta reli ilipita wapi na daraja lilikuwa wapi, na mara nyingi inabidi umuulize mzee wa huko. Kuna mzee mmoja wa pande za Webuye huwa nampigia simu, "Shikamoo mzee, ati kabla ya kiwanda watu walikuwa wanavukia mto wapi?", na ananielezea kwa utaratibu, mti ulikuwa hapa, mawe yalikuwa pale, na mimi upande huu naandika. Baada ya hapo unaweka ile nukta kwa ramani na unaandika pia inaweza kukosea kwa kilomita ngapi, manake lebo inayosema "Nzoia River" pekee yake ni mto mzima kutoka Cherang'any mpaka ziwani, na ukiweka nukta bila kusema hujui vizuri unamdanganya mtu atakayekuja baadaye.

Kitu kingine, lebo ya zamani haitupwi hata kama jina lililo juu yake limeshabadilika. Mfano mzuri ni mumi mwenyewe. Miaka mingi vitabu na lebo za Afrika Mashariki zilimwita Clarias mossambicus, huko kaskazini mwa Afrika aliitwa Clarias lazera, kusini ndo gariepinus, jina alilopewa na Burchell mwaka 1822 likitokana na mto Gariep wa Afrika Kusini. Ni Guy Teugels, Mbelgiji, aliyepitia jenasi nzima ya Clarias wa Afrika na mwaka 1986 akaonyesha hao wote ni samaki mmoja. Aliwezaje? Kwa kupima samaki wa chupa, mamia kwa mamia, kutoka makumbusho tofauti tofauti, waliokusanywa na watu ambao hawakujua kwamba siku moja kutakuwa na swali kama hilo. Kwa hivo kwa chupa zetu unakuta lebo mbili tatu zimepangana, ya kwanza mossambicus, ya pili gariepinus na mwaka aliotambuliwa upya, na zote zinakaa humo. Mimi nikiona hizo lebo zimerundikana nafurahi kweli, unaona mawazo ya watu yakisogea.

Na majina mengine ya samaki wetu yana safari ndefu zaidi. Yule okoko mdogo, Synodontis afrofischeri, jina lake linamkumbuka Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyefika pande za ziwa hili la Victoria kwa safari yake ya 1885 na 1886, akarudi kwao na kufa huo huo 1886. Samaki wake walifika Berlin na Hilgendorf, mtaalamu wa wanyama wa huko, akawaandika kisayansi mwaka 1888. Aliyevua ameshakufa, anayeandika yuko Berlin, kilichowaunganisha ni samaki na maelezo yaliyoambatana nao, na imetosha kabisa, mpaka leo ukitaka kutenganisha huyu na mwenzake victoriae ambaye Boulenger wa London alimtangaza 1906, mwisho wa ubishi ni kurudi kwa wale samaki wa kwanza. Inaniuma kwamba wako mbali hivo na mtu wa Homa Bay anayetaka kuwaona anahitaji viza. Lakini afadhali wako kuliko hawako, na picha zao na eksirei zikiwekwa kwa mtandao tunaweza kufanya kazi fulani tukiwa hapa hapa.

Haya, turudi kwa mumi wa leo. Ukitaka kumweka mmoja kwa mkusanyo vizuri, kutoka sokoni mpaka kwa rafu, ni kazi. (Vibali vya kukusanya ni lazima, hilo sitaliongelea sana, watafiti wanajua.) Mimi napenda kuanza kwa mama samaki au kwa boti yenyewe kuliko kuvua, kwa sababu hao watu wanajua samaki alitoka wapi hasa kuliko jipiesi yangu. Siku moja Kibuye mama mmoja ananiuliza, "Nyathina (mwanangu), huyu wote mkubwa hivi unaenda kumpika na nini?" Nikamwambia mama, huyu haendi jikoni, anaenda kuwekwa akae miaka mia. Akanyamaza akiniangalia alafu akaanza kunitolea mwingine kutoka chini ya beseni, "basi chukua huyu wa Nyando, huyo mwingine ni wa bwawa, kichwa chake si sawa." Sikuwa nimemuuliza kuhusu bwawa. Nililiandika lile neno lake neno kwa neno kwa fomu, na ningependa kila anayekusanya samaki huku afanye hivo, aandike jina la kienyeji na aandike mvuvi au muuzaji alisema nini, hiyo ni data sawa na urefu na uzito.

Tatizo la samaki wa sokoni ni miiba. Mumi, seu na okoko wote wana mwiba mgumu kwa kila pezi la ubavuni, na ule wa okoko unajifunga ukishasimama hauwezi kuulaza kwa nguvu, unatoboa mkono, unararua wavu, kwa hivo wavuvi wengi huvunja miiba kwa koleo hapo hapo kwa boti. Nawaelewa. Lakini ule mwiba ndo kitambulisho chenyewe, meno yake yako upande gani, ya nje au ya ndani, makubwa au madogo, mengi au machache, na ukivunjwa mtu wa makumbusho ameondolewa nusu ya ushahidi. Kwa hivo mapema, kabla boti haijatoka, unaongea na wavuvi unawaomba wakuwekee wawili watatu wazima, na unalipa bei nzuri.

Ukishafika chumbani unamwosha ule ute, na mumi ana ute jamani, usipomwosha unaganda juu ya ngozi kama kitambaa cheupe na huoni kitu. Unampiga picha akiwa mbichi, ubavu wa kushoto, na rula kando yake, manake rangi hazitabaki, ule ukijani na madoa yatageuka kahawia ya chupa. Kushoto daima. Ni desturi ya wanasayansi wa samaki kupima na kupiga picha kushoto, kwa hivo ukitaka kukata kinofu cha vinasaba unakata kulia, unakitia kwa kichupa kidogo cha ethanoli kali ya asilimia 95 au zaidi chenye namba ile ile. Na hiyo lazima iwe KABLA ya fomalini. Fomalini inashika mwili usioze lakini inaharibu vinasaba vibaya, ndo maana wale samaki wa zamani wako na umbo lote lakini kuwasoma DNA ni shida kubwa.

Alafu ndo fomalini, asilimia 10, glavu mkononi na madirisha wazi, hiyo dawa si ya kuchezea, inachoma macho na ukiivuta miaka na miaka ni hatari. Samaki mkubwa unamchoma sindano tumboni au unampasua kidogo upande wa kulia ili iingie ndani, bila hivo nje atakuwa mgumu na ndani ameoza. Na umlaze ameNYOOKA, mapezi yamefunguliwa kwa pini, kwa sababu vile utakavyomlaza siku hiyo ndivyo atakaa milele. Nimepima mumi waliokunjwa kwa ndoo ndogo miaka ya nyuma sana, wamejipinda, kipimo hakitoki vizuri hata ufanyeje. Akishashika anatolewa, anaoshwa kwa maji siku kadhaa, anapandishwa kidogo kidogo mpaka ethanoli ya asilimia 70, na hapo ndo nyumbani kwake.

Kupima sasa. Urefu unaotumika unaanzia ncha ya pua mpaka mwisho wa mifupa ya mkia, pezi la mkia halihesabiwi kwa kuwa mapezi hukatika na kuliwa. Upana wa kichwa, umbali wa macho, urefu wa sharubu, nafasi kati ya mwisho wa pezi la mgongo na mkia. Na kwa Clarias kuna kazi ninayoipenda kuliko zote, kuhesabu vile vijino laini vya kuchujia chakula kwa upinde wa kwanza wa matamvua. Kwa gariepinus vinaongezeka samaki akikua, kutoka kama 24 kwa mdogo mpaka kama 110 kwa mkubwa, na wale Clarias wadogo wa vinamasi kama alluaudi na liocephalus wana vichache. Hii inasaidia sana kwa sababu mumi mchanga wa urefu wa mkono anafanana na hao wadogo kiasi kwamba sokoni wote wanauzwa kwa rundo moja, na kwa chupa za zamani pia wamechanganyika. Unakaa na darubini, kibano na sindano, unahesabu, shingo inauma, unahesabu tena. Mara nyingine kwa chupa iliyoandikwa mumi wadogo unapata mmoja ambaye si mumi.

Mtu ataniuliza, haya yote ya nini na mumi wamejaa? Ndo hapo nataka tuelewane. Seu pia walijaa. Uliza mzee yeyote wa Dunga au Usoma atakwambia seu alikuwa samaki wa mgeni, alikuwa anavuliwa kwa wingi, na okoko walikuwa wanajaza nyavu mpaka zinaudhi. Mbuta (sangara) waliletwa ziwani miaka ya 1950 na mapema 1960, wakakaa kimya kidogo, miaka ya 1980 wakalipuka, na fulu, wale samaki wadogo wa ziwa, wakapotea spishi mamia. Hao fulu walau dunia nzima iliwalilia na wameandikwa sana. Lakini kuna kambare wa maji marefu, Xenoclarias eupogon, aliandikwa na Norman mwaka 1928 kutoka samaki wa ziwa hili, hapatikani mahali pengine popote duniani, na ni miaka mingi mno hajaonekana. Tunachojua juu yake karibu chote kiko kwa chupa. Waliomweka humo hawakumweka kwa sababu ametoweka, walimweka akiwa ni samaki tu aliyeingia kwa wavu siku hiyo.

Na mumi hajakaa vile alivyokuwa. Mwaka 2009 serikali ilianza ule mpango wa ESP (wa kuchochea uchumi) wa mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, na ngege (tilapia) na mumi ndo waliwekwa. Baadaye biashara ya chambo ikakua, vifaranga vya mumi vinauzwa kwa wavuvi wa mbuta wa ndoano, wanatotoleshwa huku wanapelekwa kule. Mumi wazazi wanahamishwa kutoka mto mmoja hadi mwingine na hakuna anayeandika. Alafu 2020 ziwa likapanda kuliko ilivyowahi kurekodiwa, mabwawa ya karibu na ufuo yakamezwa, na waliokuwa ndani wakaenda zao. Sasa mumi wa Nyando wa leo ni wa Nyando kweli? Ni mchanganyiko? Kichwa kile ambacho yule mama wa Kibuye alikiona "si sawa" kinatoka wapi? Ili ujibu unahitaji mumi wa Nyando wa kabla ya 2009, na wa Yala, na wa Sondu, wenye lebo nzuri, wengi, wakubwa kwa wadogo. Ukienda kwa rafu unakuta wachache mno, kwa sababu kila aliyepita alisema mumi atakuwepo tu, akachukua chupa akaweka kitu adimu.

Kuandika kunalipa, tumeona hapa hapa Kenya. Mwaka 2015 spishi mbili mpya za Chiloglanis zilitangazwa, kerioensis wa Mto Kerio na devosi wa Ewaso Nyiro ya kaskazini, huyu wa pili amepewa jina la Luc De Vos aliyefanya kazi na samaki kwa Makumbusho ya Kitaifa Nairobi. Samaki wadogo wa kushika mawe, wa urefu wa kidole tu, mito ambayo watoto wanaogelea kila siku. Sioni kwa nini vijito vya Nandi, Kakamega na Kisii visiwe na mambo kama hayo, vimechunguzwa kidogo sana.

Sai napanga mumi wa mito mitano ya magharibi kwa pamoja, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, nijue kila mto una chupa ngapi za kila miaka kumi. Kuja ndo inanitia wasiwasi, karibu haina kitu. Kwa hivo kama wewe ni mwanafunzi wa samaki Maseno au popote, na unaenda Migori kwa ajili ya utafiti wako, usitupe samaki wako ukimaliza kupima. Waoshe, kata kinofu kulia, wanyooshe, andika kwa penseli mto gani, daraja gani, tarehe gani, nani alivua na kwa kifaa gani, alafu tafuta makumbusho iliyo karibu uwapeleke kabla ya muhula kuisha. Na ukipata okoko, mwombe mvuvi asivunje miiba.